Adhana ya Amin Imefika Mwisho

S.L.P. 87,
Kitui.
12 Novemba 1996

Mpendwa wifi yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaikum. Kabla ya lolote, niambie mguu wako unaendeleaje, na kama Hasina amejifungua salama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imeshika vizuri na kunde zimechipuka hadi nyuma ya msikiti.

Nasikia habari zimefika huko Malindi kwamba kaka yako Amin amegombana na Abdulatif, mwenyekiti wetu wa msikiti, akanyang'anywa maikrofoni na kuacha kuadhini. Wifi, kaa nikuhadithie, maana mwenyewe ameniruhusu.

Ugomvi haukuwepo. Kaka yako alibanwa na mkojo.

Ulimwanza zamani. Akienda chooni anasimama huko mpaka chai inapoa, na akitoka tu anataka kurudi. Udhu haukai. Nikimwambia aende hospitali, ananijibu kuwa ni baridi, kana kwamba Kitui hii ina baridi! Kumbe anaogopa kisu. Basi Ijumaa moja, katikati ya adhana, mkojo ukamshika. Akaacha maikrofoni akatoka mbio, na Abdulatif aliyekuwa karibu akaimalizia. Mji mzima ukaamua kwamba Abdulatif amempokonya.

Unawajua wazee wetu kwa kupatanisha. Walikuja na mbuzi. Abdulatif maskini akaomba radhi kwa kosa asilolitenda, na kaka yako, badala ya kusema kweli, akamsamehe! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wageni walipokuwa wakinawa aliniambia kwamba hataadhini tena maishani mwake. Sauti ile unaijua, wifi. Niliumia sana.

Heri ilitoka kwa mbuzi yule yule. Abdulatif alimwona kaka yako akiinuka kwenye sinia kila mara, akamfuata uani akamwambia, "Amin, hata mimi niko na hiyo shida. Mimi nakunywa dawa. Kesho twende kwa daktari, wacha haya."

Daktari alimpima, hata damu, akasema si saratani. Ni tezi dume, ambayo kwa wanaume wengi huvimba wakizeeka na kubana njia ya mkojo. Kisu hakihitajiki kwa sasa. Akampa dawa mbili. Ya kwanza inalegeza shingo ya kibofu. Huimeza akienda kulala, na anatakiwa kuinuka kitandani polepole asije akapata kizunguzungu. Ya pili inaipunguza tezi yenyewe, ila kazi yake haionekani mpaka miezi ipite. Ile ya kwanza ilimfaa upesi. Ya pili alitaka kuitupa, nikamwambia mficha uchi hazai, na asipoimeza nitamwandikia dada yake. Akaimeza.

Ijumaa iliyopita ameadhini! Nilikuwa jikoni, nikaacha chapati ziungue. Nilipasubiri pale alipokatia siku ile, roho mkononi. Akapapita! Akaenda mpaka mwisho bila haraka, akivuta kila neno. Nililia, wala sioni haya kukwambia. Jirani yangu Nthenya, ambaye si Mwislamu lakini huepua sufuria yake ya isyo, yale mahindi na maharagwe ya Wakamba, kwa adhana ya Amin, alipiga kelele toka ng'ambo ya ua: "Mama Yakub! Sasa huyo ndio mwenyewe! Ule mwingine alikuwa ananiunguzia maharagwe!"

Walipotoka msikitini, watu walimpongeza Abdulatif kwa kumrudishia mwenzake maikrofoni. Naye akajibu kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele.

Nisalimie Hasina, bi mkubwa, na shemeji Athman. Yakub anawaamkia nyote. Mola awape afya na awakinge na kila shari. Njooni Idd. Mbuzi tunaye, na safari hii hana ugomvi wa kusuluhisha. Na shemeji, kama naye chai yake imeanza kupoa, mwambie asisingizie baridi.

Wifi yako akupendaye,
Mwanamkasi