Ripoti Yangu Juu ya Mashine ya Mama Ndahani

Majengo, Dodoma
Jumapili, mchana

Mpendwa Dada Veronika,

Ninakuandikia kwa sababu moja. Nakuomba usimpe Mwenyekiti wa Ushirika jibu lolote kuhusu ile nafasi ya msaidizi wa katibu aliyoniwekea, mpaka mimi na wewe tuonane. Katika barua yangu iliyopita nilikuagiza umwambie ampe mtu mwingine, kwa kuwa hapa Dodoma nimekwisha kuwa meneja. Dada, sikuwa meneja. Nilikuwa nimeahidiwa umeneja, nami kwa haraka ya kutaka mfurahi nikaiandika ahadi kana kwamba ni cheo.

Shikamoo, dada yangu. Najua salamu ilipaswa kutangulia, lakini niliogopa kwamba nikianza na salamu ningefika ukurasa wa pili bila kusema nililokusudia. Je, uvimbe wa mguu wa Mama umepungua? Bado anakataa kuketi kwenye kiti, anataka mkeka tu? Wewe je, zamu za usiku pale wodini zimekupa nafasi ya kupumua? Mimi mwili wangu hauna neno. Akili ndiyo isiyokaa mahali pamoja. Asubuhi nakwenda posta, mchana nasoma matangazo ya kazi ambayo nilikwisha kuyasoma jana yake, na jioni najikuta stesheni nikitazama watu wanaoondoka, ilhali sina ninayemsindikiza. Tangu Serikali iache kutupangia kazi sisi tunaomaliza chuo kikuu, kila mmoja wetu anatembea na vyeti vyake katika bahasha ya kaki, kama wagonjwa wako wanavyotembea na picha za eksirei.

Sasa niruhusu nikueleze jambo lilivyokuwa, hatua kwa hatua.

Mama Ndahani, mwenye nyumba ya wageni ninamopanga chumba cha uani, ni mama wa Kigogo aliyejenga nyumba hiyo chumba baada ya chumba. Bunge likikutana hapati hata pa kuweka kitanda cha ziada, na mashuka hufuliwa kwa mikono na mama mmoja aitwaye Sechelela, anayetoka Hombolo. Miezi miwili iliyopita dalali mmoja alimletea Mama Ndahani mashine ya kufulia, ya zamani, ile ya kufunguliwa juu, iliyokuwa katika nyumba ya wataalamu wa kigeni waliokwisha kurudi kwao. Ilikuwa imekaa stoo miaka mingi, imejaa vumbi jekundu na viota vya nyigu. Dalali alikubali ikae kwetu kwa majaribio. Ikiridhisha inunuliwe, isiporidhisha aichukue.

Mama Ndahani aliniita barazani. “Faustini, wewe si ndiye injinia?”

“Ndiyo, mama. Shahada yangu ni ya uhandisi wa mitambo.”

“Basi ifufue hiyo, uipime, uniandikie kama inafaa. Ikifaa nafungua udobi wa nyumba zote za wageni hapa mjini, na wewe utakuwa meneja wangu.”

Hapo ndipo nilipokimbilia kalamu na kukuandikia.

Nilifanya kazi ile kwa bidii ambayo hata wewe usingeilalamikia. Niliifungua yote na kupanga sehemu zake juu ya gunia, kila skrubu mahali pake. Pampu ya kutolea maji ilikuwa imeziba kwa chokaa, maana maji ya huku ni magumu. Hata birika la chai hufanya ganda ndani. Niliiloweka katika ndimu siku mbili. Mkanda wa mota ulikuwa umepasuka, nikapata unaolingana nao kwa fundi wa mashine za kusaga. Mabomba yaliyokauka niliyafunga kwa mpira wa baiskeli. Kikwazo kilichobaki kilikuwa ule mpira mdogo wa mviringo ulio chini kabisa, unaozuia maji ya pipa yasishuke kwenye beringi na kwenye gia. Wa asili ulikuwa umegeuka unga. Nilizunguka maduka yote ya vipuri, nikapanda gari la mizigo mpaka Makutupora kumwona fundi wa pampu za mashamba ya zabibu, sikuupata. Nikakata wangu mwenyewe kutoka tyubu ya lori. Nilijua si mpira wake halisi. Nilijiambia utatosha.

Sechelela alikuwa akinitazama muda wote huo, mikono ndani ya beseni, akinisalimu kwa Kigogo.

“Mbukwa, injinia! Mgonjwa wako ameamka?”

“Mbukwa, mama. Karibu ataamka.”

“Akiamka mwambie mashuka ni arobaini na mimi nimekwisha kumaliza thelathini.”

Siku ya kwanza ilipozunguka, dada, nilipiga kelele mwenyewe uani kama mtu aliyefunga goli. Nguzo ya katikati ya pipa, yenye mapezi, ilikoroga mashuka kulia na kushoto bila kuchoka. Nikaanza kuipima kwa utaratibu: kwanza maji matupu, kisha matambara, kisha mashuka mawili, kisha manne. Nililinganisha na mkono wa Sechelela. Kwa mashuka ilimshinda mwendo. Kwa kola za mashati alinishinda yeye, wala hakunificha. Kwa maji pia alinishinda, kwani huku bomba hutoka kwa zamu na siku nyingine twaishi kwa mapipa, naye hana tone analomwaga bure: maji ya kusuuzia nguo nyeupe huyatumia kufulia za rangi. Nikajifunza kwake. Mashine ilipotema maji nikayakinga kwa beseni na kuyarudisha juu kwa ndoo, jambo ambalo mashine ya kufunguliwa mbele isingeliruhusu. Hilo nililiandika katika ripoti kama sifa kubwa, na bado naamini ni sifa.

Jumamosi ya juma lililopita nikamwalika Mama Ndahani ashuhudie. Nilivaa shati jeupe na tai. Sechelela aliponiona akauliza kama tunafua au tunafunga ndoa. Mama Ndahani akaja, akainua mfuniko, akachungulia, akacheka kwa furaha, kisha akavua kanga aliyojitanda mabegani na kuitupa ndani. “Kama itaitakatisha hii ya jikoni, nimeikubali!”

Ilikuwa imezunguka kitambo kidogo tuliposikia mlio: ko, ko, ko. Halafu kitu kikashuka chini kwa kishindo chembamba, na mlio ukawa kwaruzo. Nilizima. Mama Ndahani akashika kifua. “Uwii! Ufunguo wangu wa stoo!”

Alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga, kama afanyavyo kila siku, na kama afanyavyo Mama yetu kwa ufunguo wa sanduku lake. Mimi niliyepima maji, sabuni na uzito sikukumbuka kupekua pindo la kanga ya mama mtu mzima. Fundo lilikuwa limelegea ndani ya maji, na ufunguo ukapita kati ya pipa la ndani na la nje.

Sechelela aliinua kanga ile, akapapasa pindo tupu kwa vidole vyake. “Mashine haina vidole,” alisema. “Mimi fundo nalijua kabla nguo haijalowa.”

“Sechelela, nyamaza,” Mama Ndahani akamwambia, lakini alikuwa akicheka. “Injinia, nitolee ufunguo wangu. Mashine nimeipenda. Andika ripoti yako, Alhamisi namlipa dalali.”

Akaenda zake. Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda, dada. Nikaomba msaada wa Sechelela tukailaza mashine ubavu, nikatoa pipa la ndani, na ufunguo nikauona mara moja. Lakini nilipoinamia kuuchukua niliona kitu kingine. Kutoka kwenye ule mpira nilioukata kwa mkono wangu yalikuwa yanatiririka maji ya kahawia, mazito, yenye kutu na grisi. Tyubu ilikuwa imelainika kwa oili, na maji yalikuwa yamekwisha kufika kwenye beringi.

“Hayo ni nini?” Sechelela aliuliza.

“Kutu tu, mama.”

“Kutu tu,” alirudia polepole, kisha akarudi kwenye beseni lake.

Nilielewa vizuri maana yake. Nikisafisha, nikipaka grisi mpya na kukata mpira mwingine, mashine ingekwenda miezi miwili, pengine mitatu. Ingevuka kikao cha Bunge ikinguruma vizuri. Dalali angekuwa amelipwa na kutoweka, mimi ningekuwa na meza na muhuri. Kisha siku moja, katikati ya mashuka ya wageni, gia ingekwama, na kipuri chake hakipo Dodoma, sidhani kama kipo popote nchini. Na Sechelela angekuwa amekwisha kurudishwa Hombolo, maana ndivyo mpango ulivyokuwa, ingawa hakuna aliyemwambia.

Nilimrudishia Mama Ndahani ufunguo wake na sikusema kitu. Jumapili sikusema. Jumatatu niliandika ripoti ya kurasa sita yenye majedwali, na sentensi inayohusu ule mpira niliificha katika ukurasa wa tano, nikiipa maneno ya kitaalamu ambayo hata mwalimu wangu angeyasoma mara mbili. Jumanne nikatembea mpaka Kizota na kurudi. Jumatano nikaichana, nikaandika nyingine, na mara hii neno la kwanza kabisa lilikuwa ule mpira. Hata hivyo, zilitoka kurasa sita tena. Unanijua.

Alhamisi asubuhi, kabla dalali hajafika, nilimkabidhi Mama Ndahani ripoti. Alipima unene wake kwa vidole, akaziweka kurasa pajani.

“Faustini, mimi macho yangu ni ya uzeeni. Niambie kwa mdomo. Ninunue au nisinunue?”

“Mama, kuna mambo mawili ya kuzingatia, la kwanza…”

“Ninunue au nisinunue?”

“Usinunue, mama. Inavuja chini, na nilijua tangu Jumamosi.”

Aliziondoa zile kurasa pajani. Nilimsikia Sechelela akiacha kufikicha. “Tangu Jumamosi,” Mama Ndahani alisema hatimaye. “Siku tano unanitazama nikipanga mipango na watu.”

“Nisamehe, mama.”

“Na ungeniambia inafaa, ningekuamini.”

“Ndiyo, mama. Na ule umeneja…”

“Umeneja wa nini tena, mwanangu? Wa beseni?”

Sechelela alicheka hadi akajifuta machozi kwa kiwiko. Mimi pia nilicheka. Mchana dalali alikuja na mkokoteni akaichukua mashine, akinitazama kana kwamba nimemwibia.

Jana Mama Ndahani aliniita tena. Hajakasirika, ila ameniweka umbali kidogo. Alisema naweza kukaa mapokezi wakati wa Bunge, niandike majina ya wageni. Alisema pia kwamba huenda akaenda Dar es Salaam kutafuta mashine mpya, nimwandikie karatasi moja, moja tu, ya mambo ya kutazama. Hakutaja umeneja, nami sikuuliza.

Hapo ndipo nilipo, dada. Nikija nyumbani, nitaketi katika ofisi ya Ushirika ambayo mimi mwenyewe nilikuandikia kwa majivuno kwamba siku zake zimehesabika, kwa sababu wanunuzi binafsi wa tumbaku wanaingia kila msimu. Nikibaki, nitaandika majina ya wageni, na kesho yake nitakwenda posta. Kila asubuhi naamka na jibu, na kabla ya chai limebadilika. Nimejaribu mara tatu kukuandikia uamuzi katika barua hii hii, na kila mara uamuzi ulitoka mzuri kupita kiasi, umevaa tai. Kwenye karatasi naweza kukushawishi lolote. Ana kwa ana sijawahi kukudanganya hata mara moja, kwa sababu hunipi nafasi.

Ulisema Ijumaa hii utapita hapa kwa treni, ukielekea Morogoro kwenye semina ya wauguzi. Barua hii ninampa rafiki yangu anayepanda treni ya kuja Tabora kesho, aifikishe mkononi mwako. Treni husimama hapa muda wa kutosha watu kununua chakula dirishani. Muda huo utanitosha na mimi. Njoo na fomu ya kuombea ile nafasi ya Ushirika. Sisemi kwamba nitaijaza, nasema tu nataka iwe mkononi mwako utakaponiuliza, niulize kama alivyouliza Mama Ndahani, na usinipe nafasi ya jambo la kwanza na la pili.

Msalimie Mama sana, umwambie kanga yake yenye fundo la ufunguo naikumbuka. Shikamoo yangu kwa Mjomba Petro, aliyenibebea sanduku siku naondoka, na kwa Shemeji, ambaye najua atasema aliliona hili mapema. Wabusu watoto wako wote wawili.

Mimi mdogo wako, Faustini, nitakuwa nimesimama jukwaani penye mabehewa ya daraja la pili, sina tai, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.