Guku, Niliwaita Nyumbu Kama Ng'ombe Wako

Guku,

Hili sijamwambia mtu. Hata Kabula, rafiki yangu wa bwenini, hajui. Nataka kazi ya kuongoza watalii hifadhini. Baba anajua nitasomea unesi. Haya, nimeliandika.

Babu yangu, ng'ombe wako wamehamia zizi la baba mdogo. Jioni wakifika njia panda, wale wakubwa bado wanakata kuja kwako, na baba mdogo anawarudisha huku akinung'unika. Siku ya mazishi wajukuu walikutania, kama desturi inavyotaka. Masanja alisema, "Mzee kakimbia mahari ya mke wake mdogo!" Watu wakacheka, wakanigeukia. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniita mke wako mdogo. Ilikuwa zamu yangu nikuite kikongwe usiye na meno, kama kawaida yetu. Sauti haikutoka. Ulizikwa bila jibu langu.

Sasa sikiliza. Shule ilitupeleka Serengeti. Ile milima uliyokuwa ukinionyesha kwa fimbo tukichunga, nimeifikia. Kwa karibu ina mawe na nyasi, na kivuli cha wingu kinatambaa juu yake. Ulizeeka ukiitazama kutoka upande huu tu. Niliitazama kwa niaba yako mpaka macho yakauma.

Kisha nyumbu wakakata barabara, wengi, vumbi tupu. Dereva akazima basi. Ndama mmoja akabaki upande wetu, anazunguka, analia. Sijui nini kilinipata. Nikatoa kichwa dirishani, nikaita ile sauti yako ya kurudisha ndama: "Hooo-oi! Hooo!"

Basi zima likaangua kicheko. "Mwenye mifugo kafika!" "Mkamue basi, tunywe!"

Nyumbu wala hawakugeuka. Ndama akavuka mwenyewe.

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Lakini gari la wageni lilikuwa limesimama kando yetu, na bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza kwa Kiingereza nilikuwa nawaambia nini. Dada wa hifadhi aliyekuwa akituongoza akasema, "Mjibu wewe, mdogo wangu. Sauti ni yako."

Nikajibu. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali natazama vidole vya miguu! Nikamweleza jinsi unavyoita, na jinsi ng'ombe wanavyoacha majani na kukufuata. Kiingereza hakikukwama hata kidogo, mpaka aliponiuliza kama bado unachunga. Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipolia, Guku. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Dada yule akanishika bega.

Tangu siku hiyo siwazi kingine. Juzi tukila, Baba alisikia kwamba binti wa jirani kaenda chuo cha wanyamapori. Akacheka: "Huko porini nani atamwoa, fisi?" Nami nikacheka naye. Nilicheka, Guku! Ungekuwepo ungenisemea, ni wewe peke yako ambaye alikuwa hakubishii.

Lakini hupo, na likizo inaisha. Nakuaga, babu yangu. Pumzika, miguu yako imetembea vya kutosha. Nakuahidi nitamwambia Baba leo, kwa mdomo wangu, hata akicheka.

Kila nikisikia hatua, naisukuma karatasi hii chini ya godoro. Zinakuja tena sasa hivi, na kikohozi ni cha Baba. Safari hii naiacha mezani.

Kasukuma mlango. "Minza, unaandika nini?"