Kitambaa Chini ya Laptop

Jumanne jioni

Yule fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kanoni bado simwamini. Tangu aifungue laptop yangu, gemu la mpira linakwama kila nikikaribia goli. Nilijua tu kachomoa ramu nzuri, ile kumbukumbu ya mashine, akaweka kimeo.

Leo nimemwendea kwa shari. Akaona nimeitandikia kitambaa cha kufuma mezani kwake, kama nyumbani. Kwa mama hakuna kitu kinachokaa mezani bila kitambaa. Akakivuta.

"Umeziba matundu ya hewa. Ikichemka inakuwa nzito."

Ikapoa, gemu likateleza bila kukwama. Nikaona aibu. Lakini mbona alicheka sana?

Nyumbani nimekitoa chini ya laptop. Nimetoka kuoga, nakuta kimerudi palepale. Mama ameshika sindano, anafuma kingine kidogo.

"Cha nini, mama?"

"Cha chaja, mwanangu."