Pua Zilizokunjwa Mbele ya Simu

Mdogo wangu mpendwa Kautaq,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba wauguzi wa huko hawakuumizi sana mkono wanapokusafisha damu. Sisi ni wazima. Goti langu linanisumbua kila barafu inapoanza kupasuka, lakini halijanizuia kwenda kanisani wala dukani. Mzee Piujuq anakusalimu na kuuliza kama huko mjini wamekwisha kukufundisha kula majani kama sungura.

Katika barua yako umeuliza jambo moja tu, na umeliuliza mara mbili: kwa nini sanduku la nyama ya sili halikufika mwaka huu. Umeandika kwamba chakula cha hospitali hakikupiti kooni, na kwamba unachotaka ni kurudi hapa na kula sili wa ghuba yetu kabla hujafa. Nilikujibu kwa simu kwamba ndege zilichelewa. Nilikudanganya. Ndege hutua kila Alhamisi. Nyama ndiyo haipo.

Najua ulisikia redioni habari za ile meli ya mizigo. Redio ilisema kwamba mafuta yaliyomwagika yalikuwa machache. Sikiliza kutoka kwangu. Septemba iliyopita meli ilikwisha kushusha bidhaa zetu, na ilipokuwa ikitoka ghubani ilipanda mwamba ule ambao marehemu baba alikuwa akituonyesha maji yakipwa. Tangi moja lilipasuka. Ni yale mafuta mazito, meusi kama lami, ambayo meli huyachoma kwa kuwa ni ya bei rahisi. Katika baridi yetu hayakukauka wala hayakusambaa. Yaliganda madonge madonge, yakaingia chini ya barafu changa. Watu wa kusini walileta pampu na mifuko, wakafanya kazi siku tisa, bahari ikafungwa na barafu, wakapanda ndege yao.

Majira ya kuchipua mwanao Amaruq alikwenda kwenye matundu ya barafu ambamo sili huibuka kupumua, mahali petu pale pale. Unajua kwamba simwiti jina. Tangu alipopewa jina la marehemu baba yetu namwita baba, naye hunijibu kama mzazi. Sili wa kwanza aliibuka kichwa kikiwa cheusi kwa mafuta. Alimleta jikoni kwangu ili nimchune. Kisu kiliteleza juu ya ngozi, na ini lilinuka kama injini. Nikamwambia awape mbwa. Mbwa walinusa wakarudi nyuma. Alileta wengine wanne, na wote walikuwa vivyo hivyo. Anakaa juu ya pikipiki yake ya theluji akitazama ghuba, injini ikiwa imezimwa.

Bila shaka umejiuliza: sheria iko wapi? Wewe ndiwe uliyezunguka nyumba kwa nyumba ukikusanya saini, kabla figo hazijakuangusha, ili meli zikatazwe kuleta mafuta hayo katika maji yetu. Sheria ilipitishwa. Lakini iliachiwa mlango wa nyuma: serikali ingeweza kuziruhusu meli za nchi hii kuendelea kuyatumia kwa miaka michache, na kampuni inayotuletea mizigo iliomba ruhusa hiyo. Kabla ya kuitoa, ofisa mmoja alipaswa kutuuliza. Hakuja. Alipiga simu.

Mwaka jana, kabla meli haijaja, tulikusanyika ukumbini, wazee kumi na mmoja, simu ikiwa katikati ya meza imefunguliwa sauti, nami nikiwa mkalimani kama kawaida. Ofisa alieleza kwamba mafuta safi yana gharama, na kwamba bila ruhusa huenda meli isije kabisa mwaka ule. Nikafasiri. Piujuq akasema, "Mwambie huyo bwana aje ayanywe na chai. Akiamka kesho yake, tutampa ruhusa." Watu walicheka hadi bibi Arnaq akakohoa. Kabla sijafasiri, ofisa akasema kwamba anafurahi kutusikia tukiwa na furaha. Kisha akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Nikafasiri. Wazee wote kumi na mmoja wakakunja pua.

Huko uliko watu hawajui kwamba sisi hukataa hivyo, bila kupaza sauti, na kwamba pua iliyokunjwa haihitaji kuongezewa neno. Simu haina macho. Ofisa alisubiri kidogo, akasema, "Basi, hakuna pingamizi," akaaga. Ruhusa ilipotolewa, iliandikwa kwamba hatukupinga.

Hadi leo wazee wanajilaumu. Arnaq husema, "Tulikuwa wajinga, tunaikunjia pua simu!" Piujuq humjibu, "Pua yako ilivyo kubwa, ningedhani imesikika." Wanacheka, kisha wanatazama chini. Kuhusu mimi wanasema, "Ulayuk maskini alikuwa anasoma karatasi zake. Hakutuona."

Kautaq, niliwaona. Niliinua macho nikaziona pua zote, moja baada ya nyingine. Kazi ya mkalimani ilikuwa kutamka neno moja, "Wamekataa," na nimelitamka kwa niaba yao miaka thelathini. Safari hii nilifunga mdomo. Ofisa alipokata simu, waliniuliza amesema nini. Nikawaambia kwamba ameshukuru na kwamba ataandika yote aliyoyasikia.

Nitakueleza sababu, si ili unihurumie. Daktari wako alikuwa ameniambia kwamba ungeweza kurudi na mashine ndogo ya kusafishia damu, iwapo nitakuwa na chumba safi chenye maji ya bomba. Mbao, mabomba na dirisha nilikwisha kuviagiza. Vilikuwa katika meli hiyo. Nilisikia "huenda isije", nikakuona ukifa kule peke yako. Nikawauza wote, pamoja na ghuba, kwa chumba kimoja.

Chumba kimekamilika. Kina rangi nyeupe, na dirisha lake linaelekea baharini. Sikujua nitakuwa nimekutayarishia mahali pa kuitazama tu.

Jumapili nitasimama mbele ya wazee niwaambie. Amaruq nimekwisha kumwambia, juzi. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza nilimwambia, "Baba, chai iko tayari, ingia unywe." Alinitazama, akakunja pua, akaondoka.

Wasalimie wauguzi wako, na yule jirani yako wa kitandani anayekoroma. Ukiamua kuja, kitanda kimetandikwa. Ukiamua kutokuja, niandikie kwa mkono wako, hata kama ni neno moja. Usinipigie simu, kwa maana nitanyamaza nikingoja, na sitauona uso wako.

Ni mimi dada yako,
Ulayuk