Kamera ya Kuonyesha Mtetemo

Jumamosi, Bweri

Mvua imeanza kabla sijamaliza chai na bado inanyesha, ile mvua ya kutoka ziwani inayokuja na upepo na kupenya hadi chini ya mlango. Nimeweka gunia. Mwanangu na mkewe wako kwenye mazoezi ya kwaya, nyumba ni yangu hadi jioni, na tangu jana nilikuwa naombea saa kama hizi. Nimezipata, na sizitaki.

Ninaogopa.

Nimeliandika neno hilo na kulitazama kwa muda. Hapa nimezoea kuandika kuhusu vitabu ninavyosoma, kuhusu mikorosho ya Kusini nilikofundisha shule karibu maisha yangu yote, kuhusu kurudi Mara uzeeni na kukuta majirani wananiambia ninaongea kama redio. Sikumbuki kama niliwahi kuandika kwamba ninaogopa. Leo nilipanga kuandika kuhusu kamera.

Basi nianze na kamera.

Mjukuu wangu Nyangeta ni mwalimu huko Lindi, na tangu mwaka jana ninamfundisha litungu, ala yetu ya nyuzi, kwa simu. Naiegemeza simu kwenye kopo la maziwa, napiga, namtumia. Yeye anajirekodi, ananirudishia. Ana sikio zuri na anajua kurudia jambo bila kuchoka. Lakini katika wimbo wa mjomba wangu kuna mahali pamoja palimshinda. Mwishoni mwa kila mstari, kidole cha mkono wa kushoto hakiuachii uzi wa tatu kama kinavyoachia nyuzi nyingine. Kinatetemeka juu yake, na sauti inatoka imekatika-katika, kama ya mtu anayeongea huku anazuia kilio. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo alama ya wimbo. Bila mtetemo ule unapiga kitu kingine.

"Babu, siuoni," aliniambia. "Vidole vyako ni ukungu mtupu. Tafuta kamera, hata ya mtumba, niuone huo mtetemo unavyokwenda."

Kwa hiyo nilitafuta kamera kwa ajili ya mtetemo. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu mimi mwenyewe sasa siwezi kulisahau.

Wimbo wenyewe nilifundishwa na mjomba Magesa, kaka yake mama, kijijini kwake upande wa Buhemba, nikiwa kijana, miezi michache kabla sijapangiwa kazi Kusini. Alikuwa mkali na maneno yake machache. Alifariki nikiwa mbali, na barua ya msiba ilinifikia akiwa ameshazikwa. Niliporudi huku nilikwenda kupaangalia kwake. Palipokuwa na nyumba ni mashimo ya wachimba dhahabu, na sikujua hata nisimame wapi. Wanawe wa kiume hawakujifunza litungu. Kilichobaki cha boma lile ni wimbo mmoja, na muda wote nimejisifu kwamba niliubeba safari yote ile na sikumwaga hata tone.

Jumanne nilikwenda Musoma mjini, litungu mgongoni, kwenye bodaboda. Pale sokoni muuza vitunguu aliniuliza, "Mzee, harusi iko wapi, na sisi tuje?" Nikamwambia harusi ni ya kwangu, ila bibi harusi bado namtafuta. Akasema ana shangazi yake. Nilikuwa na furaha siku hiyo.

Nilikuwa nimejiandaa. Mwalimu wa muziki hahitaji kamera ya kupigia picha simba. Anahitaji tundu la kuchomekea maikrofoni, maana maikrofoni za ndani ya kamera za bei nafuu zinameza nyuzi nene na kupiga kelele kwenye nyembamba. Anahitaji picha isiyopoteza ukali kila mkono unapopita. Anahitaji kioo kinachogeuka, ili anayejirekodi peke yake ajue kama kichwa chake kimo. Deo, mwenye duka la kamera, alinisikiliza vizuri, kisha kila swali akalijibu kwa pikseli.

"Hii, mzee wangu, unaona mpaka vinyweleo."

Ilikuwa kamera ndogo ya zamani, ya bei ambayo pensheni yangu inaifikia. Tundu la maikrofoni haina. Dada wa dukani aliishika, mimi nikapiga. Tulipoitazama, picha ilikuwa ukungu uleule wa simu, na mkono wangu ulikuwa unacheza. Nikasema kamera inatikisika.

"Ni mkono wa huyu dada," alisema Deo.

"Mkono wangu?" dada akamgeukia. "Mkono huu unabebaga ndoo ya maji toka bombani haimwagiki. Usinisingizie, bosi."

Niliwaacha wakibishana. Nilikuwa na uhakika kosa ni la kamera.

Alhamisi nilipanda basi kwenda Bunda kwa Rhobi, mama anayepiga video za harusi na kwaya. Amenunua kamera mpya na anauza ya zamani, ile ya lenzi za kubadilisha. Ina tundu la maikrofoni, na maikrofoni yenyewe anaiuza pamoja nayo. Aliifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, akakaza, akaisogeza karibu na mkono wangu wa kushoto, akaondoka nyuma yake kabisa na kwenda kukaa mlangoni. Nikapiga wimbo wote.

Alinionyesha kwenye kompyuta yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona vidole vyangu kwa upande anaouona mwanafunzi. Nilifurahi kama mtoto. Niliona kovu la mwiba nililokuwa nimelisahau, niliona uzi unavyopinda kabla ya kuachiwa. Kisha nikasema, "Hata hii inatikisika."

"Hapana, mzee," alisema Rhobi, taratibu.

Nikautafuta mtikisiko mahali unapopaswa kuwa kama kamera ndiyo yenye kosa. Ukingo wa kigoda ulikuwa umetulia. Kalenda ukutani nyuma yangu ilikuwa imetulia, ningeweza kuisoma. Nyuzi zote ambazo sikuzigusa zilikuwa zimetulia. Nikamwomba apeleke mbele, hadi pale ambapo mkono wa kulia unapiga peke yake na wa kushoto unapumzika kwenye goti. Pale hakuna uzi. Hakuna wimbo. Kidole kilikuwa kinatetemeka juu ya suruali yangu kwa mwendo uleule.

Sikuwa najua.

Rhobi alisimamisha video. "Nikiisogeza nyuma kidogo haitaonekana," alisema. "Sisi kwenye harusi tunafichaga mengi. Bwana harusi kalewa, mama mkwe kanuna, tunapiga maua."

Nilicheka, naye akacheka, tukanywa soda. Nikamwomba anishikie kamera hadi leo jioni, kwa sababu kuna kwaya nyingine inaitaka.

Sikurudi moja kwa moja nyumbani. Nilishuka njia ya kuingilia Butiama nikaenda kwa binamu yangu Nyabweke, binti mkubwa wa mjomba Magesa. Ananizidi umri na hajawahi kuniheshimu. Nilimkuta uani anachambua ulezi.

"Karibu, mzee wa korosho. Umeniletea, au umekuja kula?"

Nilikaa. Tuliulizana hali za nyumbani. Kisha nikamwuliza mkono wa baba yake ulikuwaje.

"Upi? Wa kushoto?"

Nilikuwa sijasema ni upi.

Alieleza huku ungo ukiendelea kwenda. Mkono ulikuwa unacheza wenyewe, alisema. Mimi nilipokuja kujifunza ndiyo kwanza ulikuwa umeanza, na mzee hakutaka kuulizwa. Miaka ya mwisho mama yao alikuwa anamnywesha uji kama mtoto. Nikamwuliza, na litungu je? "Alipigaga hivyohivyo. Angeliacha?"

Nikamwomba aniimbie wimbo ule, kama anaukumbuka ulivyokuwa kabla ya mkono kuharibika. Hakuuacha ungo. Aliuimba puani, mdomo umefungwa, na ulikuwa ndio wenyewe, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa mstari, ambapo mwili wangu wote ulikuwa unasubiri mtetemo. Sauti yake ilikwenda moja kwa moja, ikakaa, ikashuka. Safi kama maji kwenye bakuli.

"Ndiyo ulivyokuwaga," alisema. "Huo wa kwako ulikuja na ugonjwa."

Nililala kwake. Asubuhi ya jana, kabla sijaondoka, simu ikalia. Ilikuwa video ya Nyangeta. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha shule, anacheka. Hakungoja kamera. Alikuwa ameutafuta mtetemo kwa sikio mpaka kidole kikatoka lengelenge, na ameupata. Kidole cha binti mzima, mwenye afya, kinatetemeka mwishoni mwa kila mstari kama cha mjomba, kama changu.

Nilitaka kuificha simu. Nyabweke alikuwa ameshasikia. Alikuja akasimama juu ya bega langu, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyo ni baba," alisema. "Baba wa mwisho. Niliouimba jana ni baba wa mwanzo." Akajifuta uso kwa pindo la kanga na kuniambia niwahi gari, mvua inakuja.

Basi hii hapa hofu yangu, niiweke wazi.

Ninaogopa uji. Ninaogopa siku mkwe wangu atakaponiinulia kikombe mbele ya wageni. Ninaogopa hospitali, na zaidi ninaogopa daktari kijana atakayeniambia ninyooshe mikono yote miwili.

Lakini kuna hofu nyingine, na hiyo ndiyo inayoniondolea usingizi. Miaka yote nilikuwa ninautengeneza mtetemo ule kwa makusudi. Nilikuwa hodari. Mahali fulani njiani kidole kilianza kuufanya chenyewe, na mimi nikaendelea kujisifu kwamba ni mimi. Sijui ni lini. Mtu anayesoma sana anadhani anajijua, na mimi sijui ni mwaka gani mkono wangu uliacha kuwa wangu.

Asubuhi hii, nyumba ilipobaki tupu, nilichukua litungu nikajaribu kuupiga wimbo wa Nyabweke, ule ulionyooka. Ndiyo maana nilitaka kuwa peke yangu. Nilijaribu mpaka ncha ya kidole ikawaka. Kidole hakitaki. Kila nikifika mwisho wa mstari kinafanya kazi niliyokifundisha, au ile ya ugonjwa, sitofautishi tena. Wimbo wa mjomba akiwa mzima hauko kwenye chombo chochote duniani. Uko kwenye koo la mwanamke mmoja mzee pale Butiama.

Katikati ya kujaribu, Deo alipiga simu. Amepunguza bei. "Hii kamera inawafaa wazee," alisema, "haionyeshi makunyanzi." Nilimwambia nitamjibu, na baada ya hapo nilikaa kwa muda mrefu nikiitamani. Siyo bei iliyonivuta, kwa kuwa ya Rhobi pia naiweza nikijibana. Niliutamani ukungu wake. Ningeweza kupiga masomo yote ndani ya ukungu ule, na Nyangeta angeendelea kuniita bingwa wa mtetemo, na nisingelazimika kusema neno.

Kisha nikafikiria wanafunzi wake. Ameshaanza kufundisha watoto wawili wa shuleni kwake. Watatetemesha vidole vyao na kuambiwa ndiyo alama ya wimbo.

Nimempigia Rhobi. Naichukua ya kwake, pamoja na maikrofoni na stendi. Jumatatu naifuata Bunda, na nikirudi napitia Butiama. Maikrofoni itaanza kwa Nyabweke, awe na ungo wake au asiwe nao, aimbe ule wa mwanzo mpaka atosheke. Baada yake nitakaa mimi, kamera ikiwa karibu, isisogezwe nyuma, nipige ule wa mwisho. Nitasema kwa mdomo wangu upi ni upi na mkono huu una nini. Nyangeta ana vidole vizima. Kipi akifanye mwisho wa mstari atachagua mwenyewe, lakini achague akiwa anajua.

Na leo jioni, wakirudi kutoka kwaya, nitamwomba mwanangu anipeleke hospitali. Nimeliandika hapa ili nisije nikajifanya nimesahau.

Mvua inapungua. Gunia la mlangoni limelowa lote. Bado ninaogopa, na kuandika hakujasaidia sana.

Nilimwambia Rhobi anifundishe kuendesha kamera peke yangu, kwa sababu siku hiyo sitaki mtu wa tatu chumbani. Akasema ni rahisi, kitufe cha kuwashia ndicho hichohicho cha kuzimia, na kiko upande wa mkono wa kulia. Mkono wangu mzima. Kidole kikianza mbele ya kamera, na mimi ninajua sasa kwamba kitaanza, je, mkono huo utakimbilia kitufe, au utaendelea kupiga hadi mwisho wa mstari?