Sauti ya Kewalin Sokoni

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Nakhon Sawan.
3 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Somruedee,

Vipi baridi ya Bergen, imewaachia kidogo? Na goti la shemeji limepona? Sisi huku wazima, ila joto limetukausha kama samaki wa kuanikwa.

Leo nakuandikia nikiwa mwepesi moyoni. Unajua mwanangu Kewalin aliigiza yule mwanamke mbaya kwenye tamthilia ya mapenzi ya kila Alhamisi, anayempokonya mwenzake mchumba. Aliigiza vizuri mno. Tatizo watu wa hapa wakaamini.

Bi Bunruean, muuza kambare, alikataa kuniuzia. "Kamwambie binti yako amwachie mwenzake mwanamume wake! Ulimlea na nini wewe?" Kewalin alipokuja kutoka Bangkok kunitembelea mwezi wa pili, mama mmoja alimchapa begani kwa fungu la mchaichai. Alicheka pale, nyumbani akalia. Hakuja tena, hata sikukuu ya mwaka mpya ya kumwagiana maji. Akasema mkataba ukiisha anaacha kuigiza, akauze nguo.

Kilichonichoma ni hiki: ule wimbo wa tamthilia, unaoimbwa yule binti mwema aliyepokonywa mchumba akilia, mwimbaji wake ni Kewalin. Wenye tamthilia walificha jina ili watazamaji wabahatishe, na sisi tukakatazwa kusema. Bi Bunruean aliuweka kwenye simu yake, ukilia siku nzima kati ya mabeseni ya samaki, na usiku hadi alale, naye akiufuatisha huku akinitukania mwanangu! Nikameza ulimi miezi mitatu.

Alhamisi ya wiki iliyopita tamthilia iliisha, na jina likatajwa. Kesho yake nikapanda basi hadi Bangkok, nikamrudisha mwanangu. Jumamosi asubuhi nikamshika mkono hadi kwa Bi Bunruean, ambaye husinzia kabla tamthilia haijafika mwisho.

"Mwimbaji wako huyu hapa," nikamwambia.

"Toka hapa! Sauti ile na huyu mwizi wa wachumba?"

Kewalin akauachia mkono wangu. Akafumba macho, akaimba. Hata mkuna nazi, Somruedee, akazima mashine yake asikie. Bi Bunruean akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, machozi yanamtoka.

"Mwanangu," akasema, "nimekulaani miezi mitatu, kumbe ni wewe unayenibembeleza nilale!" Akamkumbatia na utelezi wote wa kambare. Kisha akamnyooshea kidole: "Lakini tamthilia ijayo, tafuta mchumba wako mwenyewe!"

Soko zima likaangua kicheko, na Kewalin akacheka kuliko wote. Jana amepokea kazi nyingine. Safari hii ni mama mkwe mkorofi, wa kupakwa mvi. Anasema haogopi tena.

Mama anakusalimu, na Kaka Prasoet anaulizia picha za watoto. Mwili wako uwe na nguvu, nyumba yako iwe na amani, na njia ya kuja kwetu ikufungukie mapema. Nakomea hapa: Kewalin yuko jikoni, anaimba kwa sauti ya juu, na nasikia harufu ya wali unaoungua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Wilaiwan