Shemeji, Kuhusu Pikipiki Yako

Shemeji Mrisho,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia nzima, ninakutangazia kwamba kuku amekalia helmeti yako. Ana mayai tisa humo. Suala lilijadiliwa kwa kina na ikaamuliwa asibughudhiwe mpaka atotoe. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi, katibu mimi, na mjumbe aliyepinga pia mimi, maana helmeti ile uliniazima mara moja tu katika maisha yako, tena ukaipangusa niliporudisha.

Habari hiyo imekwisha. Iliyobaki ni nzito kidogo.

Kesho mkeo Zuhura anatoka eda. Naandika hapa uani kwako Kasingirima, nimekaa kwenye kile kigoda chako kinachobonyea upande mmoja, na yeye yuko ndani anakunja nguo. Miezi minne na siku kumi. Mimi nilidhani ni muda mrefu wa kutosha mtu kufanya jambo lolote, hata mwalimu wa hisabati kama mimi.

Ombi lake alilitoa wiki ile ile ya matanga, watu hawajatawanyika. Aliniita, akaniambia, "Kaka, nikitoka eda unipeleke kwake kwa pikipiki yake. Gari sitaki." Unajua kwamba wanawake hawakuja kuzika. Tulikupeleka kwenu milimani, mbele ya Mwandiga, wanaume watupu, yeye akabaki na wenzake sebuleni. Kaburi lako hajaliona mpaka leo. Na njia ile ya milimani ndiyo uliyompitisha mara ya kwanza ulipompeleka kwa mama yako, amekaa upande, kashika sanduku kwa mkono mmoja na wewe kwa mwingine. Nikasema ndiyo. Nilisema upesi, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imelala kwenye kibanda tangu ulipoanza kuugua. Masika yote ilikuwa inadondokewa na mvua kupitia bati lile ulilokuwa unasema utaliziba kesho. Nilipoipiga kiki mara ya kwanza haikutoa hata pumzi.

Hapo ndipo nilipoanza ufundi. Usicheke. Ulisema siku zote kwamba nikishika spana, spana inaomba msaada. Nilikwenda madukani Mwanga kutafuta ringi za pistoni, na kila duka wananiuliza ni ya mwaka gani, nikiwajibu wananiangalia kwa huruma. Fundi Shabani, yule rafiki yako wa karibu na soko, alikuja kuiona. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, hii si ya kutengenezwa. Hii ni ya kuombewa dua." Lakini alinipa ringi alizokuwa amezihifadhi tangu hajaota mvi, na akanionyesha kukata gaskiti kwenye boksi la viatu. Nilikata tatu. Ya tatu ilikaa.

Kabureta niliifungua juu ya sinia. Nikaisafisha kwa mswaki, vitundu vyake nikavipitishia ujiti wa ufagio kwa sababu niliogopa sindano itavipanua. Nilipoirudisha, vikabaki vitu viwili kwenye sinia. Nikaifungua tena. Vikabaki vitatu.

Na mwalimu wangu, Shemeji, alikuwa ndani. Hili ningependa ulijue. Mkeo hajawahi kushika hata boliti ya pikipiki hiyo, lakini miaka yote hiyo ameisikia ikiondoka na ikirudi, na masikio yake yamesoma kuliko vyeti vyangu. Mimi napiga kiki huku nje, yeye anaongea kupitia dirishani, pazia limeshushwa. "Hapana, kaka, hiyo inakohoa kavu. Mafuta hayafiki." Kweli, bomba la mafuta nilikuwa sijalifungua. Siku nyingine: "Sasa umeilewesha. Iache ipumzike." Siku nyingine: "Yake inakohoa mara mbili, halafu ndiyo inacheka. Bado hujafika hapo." Hata ule mchanganyiko wa oili na petroli uliokuwa unapima kwa kikombe cha kahawa, yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba ulikuwa unaongeza tone moja la upendeleo.

Nitasema jambo la aibu. Wiki hizo zilikuwa nzuri. Zuhura alikuwa anacheka humo ndani. Mara moja nilimsikia akimsimulia jirani, anasema kaka yake anaitengeneza pikipiki kama anayekuna nazi. Jirani akaangua kicheko, nami nikaendelea kukuna, nimefurahi.

Mwezi huu ndio ule wetu, kipupwe kimekolea. Asubuhi nikitoka kwangu kwenda shule, baridi inanikamata masikio na mimi nakusikia, kama zile Jumapili zetu, unanipigia honi moja, moja tu, ili usiwaamshe majirani, kana kwamba injini yenyewe hawaisikii. Unakuja na koti la mvua juu ya sweta mbili. Mimi natoka nimejifunga mtandio wa mke wangu kichwani. Nakaa nyuma, nashika kile chuma. Nyuma ndipo mahali pangu. Milima ya kwetu nimeiona miaka kumi na minane juu ya bega lako la kushoto.

Tukishapita Mwandiga unaiacha lami, unaingia kwenye vile vijia vya wakulima, vyekundu, vikavu, vimebanwa na michikichi pande zote, ukungu umekaa chini hata hatuoni magurudumu. Umande wa nyasi unatulowesha magoti. Ulikuwa unaendesha kama bwana shamba uliyekuwa, huna haraka, unageuza kichwa kila shamba: huyu hajapalilia, huyu michikichi yake ameipanda karibu mno. Penye mlima mkali hukuwa unasimama, unapunguza tu na kusema mzigo ushuke, nami nashuka na kitambi changu, nasukuma. Wazee wa kule wanatusalimia "mwakeye", wewe unawajibu kwa Kiha kirefu chenye habari za ng'ombe na za wagonjwa, na mimi, mtu wa Ujiji niliyelelewa kwa Kiswahili, natikisa kichwa kama naelewa.

Na kule juu, pale tunapoliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo, unazima. Injini ikipoa inalia ti, ti, ti. Tunakula mihogo ya kuchoma aliyotufungia Zuhura, imeshapoa, na vidole vimekufa ganzi. Sijapata kuwa na furaha kubwa kuliko ile, na wakati huo sikujua kwamba ni furaha. Nilidhani ni Jumapili.

Basi. Ukiwauliza watu wa barazani leo, watakwambia shemeji yako ameiua pikipiki. Wananiita Mwalimu Kiki. Fundi Shabani ananionyesha kwa wateja wake. Zuhura ameshaambiwa kwamba kesho binamu yako atakuja na gari. Hakubisha. Alisema tu kwamba gari halipiti njia ile, litazunguka barabarani. Halafu akaendelea na dagaa aliokuwa anachambua.

Sasa nikueleze lilivyokuwa, kwa sababu nimeshindwa kumweleza mtu mwingine.

Iliwaka, Shemeji. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, watu wanatoka sala ya alasiri. Sijui ilikuwa kiki ya ngapi. Ilikohoa mara mbili, kama Zuhura alivyosema, kisha ikapata. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na mlio ule ukatoka, ule ule, na kale kamluzi kake kwa nyuma. Nikapanda nikae. Na bila kufikiri, wallahi bila kufikiri, nilikaa nyuma. Nikashika chuma kwa mikono miwili. Nikawa nangoja twende.

Nikasikia mlango wa jikoni. Zuhura alitoka na ndoo ndogo ya maji ya kunawa miguu, kama alivyofanya kila siku alipokusikia unaingia, ushungi umemwangukia begani. Macho yake yalikuwa kwenye ndoo, asimwage. Akasema, "Leo umewahi."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Sauti ya mtu ambaye ana mboga jikoni.

Kisha akainua uso, moshi ukapungua, akaniona mimi nimekaa nyuma, na mbele yangu hakuna mtu.

Injini inaunguruma, na sisi tunatazamana juu ya kiti chako. Akaitua ndoo chini polepole, maji yakabaki yote ndani yake, akarudi akafunga mlango. Nikazima. Nikafungua plagi, ya moto, imeniunguza vidole, nikaitia mfukoni, maana bila hiyo haiwaki. Nikasogea dirishani nikamwambia imenoki, injini imekufa, haitawaka tena. Akajibu, "Sawa, kaka."

Tangu siku hiyo hajanielekeza kitu. Ameshaacha kusikiliza, au anasikiliza sana, sijui. Mtu anayejua kwa sikio kwamba bomba la mafuta limefungwa, utamdanganyaje kwamba injini nzima imenoki? Na mimi kila siku baada ya shule nimekuja hapa nikagonga spana juu ya vyuma, nikafungua boliti na kuifunga ile ile, ili aamini kwamba bado najaribu. Huo ndio ufundi wangu wa mwezi mzima. Sikujua lipi ni baya zaidi: kumnyima alichoniomba, au kumrudishia mlio ule atoke tena na ndoo. Mpaka sasa sijui. Nimekaa hapa na karatasi kwa sababu sijui.

Jua linashuka. Anaita nije ninywe chai, na sauti yake ni nzima, kwa hiyo nimalizie.

Nakuaga, Shemeji. Mungu akulaze pema, na akuvumilie kwa yale matusi uliyokuwa unaitukana klachi. Ninakuahidi jambo moja. Kesho asubuhi, akishaoga na kubadili nguo, kabla ya gari kufika, nitakwenda mlangoni kwake na plagi mkononi. Nitamwambia, Zuhura, haikunoki, nilikuongopea, niliogopa. Mlio utakaousikia sasa ni mimi ninayewasha. Nitarudia mara mbili: ni mimi. Akisema hapana, tutapanda gari la binamu yako na pikipiki nitaiacha ilale. Akisema ndiyo, nitaiwasha mbele ya macho yake, na nitakaa mbele, ingawa mahali pale si pangu na sipataki.

Shemeji yako,
Bakari